Wanafunzi 68, wengine wamepotea na wengine wanasubiri: pa kuanzia kwenye Hisabati ya Kidato cha Pili

Swali: Nafundisha Hisabati katika sekondari ya kata hapa Tanzania. Nina mkondo wa Kidato cha Pili wenye wanafunzi 68. Kama kumi wanamaliza zoezi kabla sijafuta ubao, kundi kubwa la katikati linafuata kwa kusuasua, na wengine ishirini hivi hawajui hata kutoa kwa kukopa. Nakaribia kuanza vigawo vya semi za kwadratiki na milinganyo yake. Mkuu wa shule anashauri tuwagawe kwa alama za muhula uliopita, wazuri mkondo wao na dhaifu wao. Niwagawe? Na nisipowagawa, nitawafundishaje wote ndani ya dakika 80?

Jibu: Mwalimu, usiwagawe kwa alama. Alama 18 kati ya 100 haisemi mtoto hajui nini. Wapo watatu wenye 18: mmoja amekwama kwenye sehemu, wa pili kwenye namba hasi, wa tatu hesabu anaziweza ila hakuelewa swali lilivyoandikwa kwa Kiingereza. Ukiwaweka chumba kimoja umepata darasa lenye mchanganyiko uleule, isipokuwa sasa hakuna mwenzao wa kusema jibu sahihi kwa sauti wakalisikia. Halafu mwalimu wa mkondo huo, hata awe na moyo gani, huanza kupunguza mwendo wa kila kitu, na mwisho wa mwaka nusu ya mada haijaguswa.

Kuwagawa kwa muda mfupi ni jambo jingine, na linafaa. Shirika la Pratham la India limejijengea jina kwa kuwapanga watoto wa shule za msingi kulingana na wanachoweza kufanya leo badala ya darasa wanalosoma, kwa kipindi maalumu cha siku, na kuwahamisha kila wanapopiga hatua. Mambo mawili ndiyo yanayoifanya mbinu hiyo ifanye kazi: kundi linaundwa kwa kitu kimoja mahususi, na mtoto hakai humo milele. Kwako wewe hilo linafaa kipindi cha marudio cha jioni. Ratiba ya kawaida iache kama ilivyo.

Kwa hiyo anza kwa kujua kila mtoto amekwama wapi. Wape maswali kumi, dakika 25, bila kikokotoo, na uwaambie wazi kwamba hayaingii kwenye alama za muhula. Haya yanatosha:

1. 305 − 178
2. 7 × 8 na 6 × 9
3. Ipi kubwa, 0.35 au 0.4?
4. 1/2 + 1/3
5. −3 − 5
6. 10 − 4 + 3
7. Jaza kisanduku: 8 + 4 = □ + 5
8. Tafuta x: 3x = 12
9. Rahisisha 2a + 3b
10. Panua (x + 3)²

Unaposahihisha usiweke vyema na mkasi. Chora jedwali, majina chini, maswali juu, na kwenye kila chumba cha aliyekosa andika jibu lenyewe aliloandika. Kazi hiyo itakula kama saa mbili za jioni moja, na itakuongoza muhula mzima, kwa sababu majibu mabovu hayaji ovyo. Yana kanuni zake.

Aliyeandika 273 kwenye swali la kwanza anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 toa 5 ni 3, 7 toa 0 ni 7, 3 toa 1 ni 2. Huyo hakosi umakini, ila hajui kwamba ile 3 ya mwanzo ni mamia matatu. Anayesema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 anasoma desimali kama namba nzima, 35 dhidi ya 4. Anayepata 2/5 kwenye swali la nne anajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na ukimuuliza kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo, mara nyingi hushtuka mwenyewe. Mshtuko huo ni nafasi, usiupoteze kwa kukimbilia KDS (kigawe kidogo cha shirika).

Anayepata 8 kwenye −3 − 5 ameshika kwamba “hasi na hasi ni chanya” akaipeleka kila mahali. Kanuni hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya. Sisi walimu ndio huwa tunaifundisha kama wimbo bila kusema inaishi wapi.

Swali la sita ni dogo lakini lina sumu. Mtoto anayepata 3 ameitii MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) neno kwa neno: JU iko mbele ya TO, basi akajumlisha 4 na 3 kwanza, akatoa 7 kwenye 10. Jibu ni 9, kwa kuwa kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kwa kufuata mstari kutoka kushoto. Wapo wanaofika Kidato cha Nne na kosa hili likiwa zima, na kwenye aljebra linawaangusha bila mtu kujua limetoka wapi.

Swali la saba ndilo la thamani kuliko yote. Jibu ni 7. Anayeandika 12 anadhani alama ya sawasawa ina maana ya “jibu linafuata”. Anayeandika 17 amejumlisha kila alichokiona. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukariri hatua za kutatua mlinganyo, lakini haoni kwa nini anafanya kitu kilekile pande zote mbili, maana kwake hakuna pande mbili. Hapo ndipo linapozaliwa jibu la swali la nane, x = 9: amesikia “ukihamisha upande badili alama”, 3 ikavuka ikawa −3, akafanya 12 − 3. Mwingine atagawanya 12 kwa −3 apate −4, kwa wimbo uleule. Ushauri wangu ni kuuacha wimbo huo kabisa kwa miezi miwili. Waandike kila mara walichofanya pande zote, “gawanya kwa 3, gawanya kwa 3”, mpaka wauchoke.

La tisa, 5ab, na la kumi, x² + 9, utayaona hata kwa baadhi ya kumi wako wa mbele. Ndiyo maana maswali hayo yamo. Mwenye 80 naye ana tundu lake.

Jedwali likishajaa, utaona kwamba “ishirini dhaifu” wamegawanyika. Pengine 14 wamekosa namba hasi, 11 hawajui vizidisho, 30 wana tatizo la sehemu wakiwemo waliofaulu. Sehemu kwa sasa ziache zingoje kipindi cha marudio, kwa sababu mada inayokuja haizihitaji sana. Vigawo vya kwadratiki vinahitaji vitu vitatu: jozi za vizidisho, kujumlisha namba zenye alama, na kupanua mabano. Rekebisha hivyo tu, tena ndani ya somo lenyewe. Mwalimu anayesema “kwanza nirudie hesabu za msingi mwezi mzima ndipo niendelee” huwapoteza wa mbele kwa kuchoka, na wa nyuma hawapati faida, kwani wanarudia kitu walichokwisha kukishindwa kwa namna ileile waliyokishindwa.

Sasa dakika 80 za somo la kwanza.

Dakika 8 za mwanzo, ubaoni kuna mambo matatu na kila mtu anafanya: jozi zote za namba nzima zinazozaa 12, −3 + −4, −3 × −4. Hakuna la nne. Hayo ndiyo yatakayohitajika nusu saa ijayo. Kwa −3 + −4 tumia deni: unadaiwa dukani 3,000, ukakopa tena 4,000. Kwa kuzidisha deni halikusaidii, usilazimishe; andika mfuatano 2 × −4 = −8, 1 × −4 = −4, 0 × −4 = 0, uwaulize mstari unaofuata, wa −1, unatakiwa uwe nini.

Dakika 12: panua (x + 3)(x + 4) kwa jedwali la vyumba vinne, x na 3 pembeni, x na 4 juu. Vyumba vinajaa x², 4x, 3x na 12. Jedwali hili ni bora kuliko mishale ya kuunganisha mabano, kwa sababu chumba kikiwa kitupu kinaonekana, na yule wa x² + 9 anaona kwa macho yake vyumba viwili alivyoviruka. Kisha geuza: futa pembeni na juu, acha x² + 7x + 12, waulize pembeni palikuwa na nini.

Dakika 5: swali la vidole. Andika x² − 7x + 12 na majibu manne: (1) (x + 3)(x + 4), (2) (x − 3)(x − 4), (3) (x − 3)(x + 4), (4) (x − 2)(x − 6). Wape sekunde 40 za kimya, kisha kwa ishara yako waoneshe vidole kifuani, siyo juu, ili wasinakiliane. Aliyeonesha kimoja hakuitazama alama ya 7. Aliyeonesha vitatu amenakili alama kama alivyoziona, kutoa kisha kujumlisha. Aliyeonesha vinne anahakiki zao la namba mbili, yaani jibu la kuzidisha, bila kuhakiki jumla yake. Waliokosa wakiwa chini ya kumi, endelea, utawafuata kwenye madawati. Wakizidi ishirini, simama hapo, maana zoezi litakuwa kupoteza karatasi. Swali la “mmeelewa?” liache, litajibiwa “ndiyo” na darasa zima.

Dakika 35 ni za zoezi, na hapa ndipo tofauti za uwezo zinashughulikiwa. Usiandae mazoezi matatu. Kuyaandaa kila siku kutakuchosha ndani ya wiki mbili, na watoto watajua mara moja lipi ni la “wajinga”. Toa swali moja lenye mlango mpana:

x² + □x + 12. Namba zipi zikiingia kwenye kisanduku usemi huu unapata vigawo vya namba nzima? Zitafute zote.

Mtoto wa nyuma anaanza na kitu anachokiweza, 3 × 4, anapata 7. Anahamia 2 × 6, anapata 8. Hapo amefanya vizidisho na kujumlisha mara kadhaa bila kuitwa pembeni kurudia darasa la nne. Atasahau 1 × 12, karibu wote husahau. Wa katikati anapata 7, 8 na 13, anasimamisha kalamu. Usimwambie bado kuna nyingine. Muulize, “Umejuaje kwamba umezimaliza?” Akikwama, mwelekeze kwenye −3 × −4 iliyo bado ubaoni. Zikishakuwa sita, yaani 7, 8, 13, −7, −8 na −13, anabadilishiwa 12 kuwa −12. Sasa anapata 11, 4, 1 na zenye hasi zake, na hapa ndipo wengi hujikwaa kwa sababu jozi moja ya namba inatoa majibu mawili yanayotofautiana kwa alama tu.

Wa mbele, wanaomaliza hayo katika dakika kumi, wapewe kisanduku kikihamia mwisho: x² + 6x + □. Watakuja haraka na 5, 8 na 9. Waambie namba hasi zinaruhusiwa, pamoja na sifuri. Watapata 0, −7, −16, −27, na watakuambia hazina mwisho. Vizuri, sasa wazipange kuanzia 9 kushuka: 9, 8, 5, 0, −7, −16. Kila moja ni 9 toa namba ya mraba. Kwa nini? Kwa sababu namba mbili zenye jumla 6 zinaweza kuandikwa 3 − n na 3 + n, na zao lake ni 9 − n². Mtoto wa Kidato cha Pili aliyefika hapo kwa miguu yake amekutana na tofauti ya miraba miwili, na amepiga hodi kwenye kukamilisha mraba, kabla hujaitaja. Huo ni ugumu wa maana. Kumpa maswali ishirini zaidi ya aina ileile siyo kumwendeleza, ni kumwadhibu kwa kuwahi.

Wakati wa zoezi usikae mezani wala usizunguke ovyo. Jedwali lako linakuambia nani wa kuanza naye: wale waliokosa swali la 2 na la 5. Dakika mbili kwa kila dawati, unaondoka, unarudi. Asiyejua vizidisho apewe kadi ya jedwali la 10 kwa 10 aibandike ndani ya jalada la daftari aitumie waziwazi, ili leo ajifunze vigawo. Kukariri ni kazi ya nyumbani, na ni ndogo kuliko anavyoogopa: jedwali hilo lina vyumba 100, lakini 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja, na ukiondoa za 1, 2, 5 na 10 zinabaki 21 tu. Za 9 anaweza kuzipata kwa 10 toa moja, kwa mfano 9 × 7 ni 70 − 7, basi zimebaki 15. Tatu kwa wiki, wiki tano.

Kuhusu kuwatumia wa mbele kama wasaidizi, fanya hivyo kwa sharti moja lisilovunjwa: msaidizi hashiki kalamu ya anayesaidiwa. Akiishika, anaandika jibu na somo limeishia hapo. Aulize, “Umefikaje hapa?” Na asisaidie kila kipindi, mzazi wa mtoto huyo hakumleta shuleni awe mwalimu wa bure.

Dakika 15 za mjadala: majibu matatu tofauti ubaoni, likiwemo moja bovu ambalo umeliokota kwenye madawati bila kutaja mwenyewe, na darasa litafute linapovunjika. Dakika 5 za mwisho, swali moja kwenye kipande cha karatasi: vigawo vya x² + 9x + 20. Vikusanye mlangoni. Usivisahihishe kwa alama. Vipange mafungu matatu, sahihi, karibu, na mbali, kwa sekunde chache kila kimoja. Fungu la “mbali” ndilo orodha yako ya madawati ya kesho. Kwa madaftari 68 hii ndiyo njia pekee ninayoiona ya kupata taarifa kila siku bila kulala saa nane usiku.

Ukifika kwenye milinganyo, jiandae kwa mitego miwili. Kwa x² + 7x + 12 = 0 wengi wataandika x = 3 au 4, wakinakili namba za kwenye mabano; dawa ni kuwalazimisha kurudisha jibu kwenye mlinganyo kila mara. Mtego wa pili ni (x + 3)(x + 4) = 2. Watasema x + 3 = 2 au x + 4 = 2. Waache wahakiki wapate aibu ndogo, maana −1 itakataa na −2 itakubali kwa bahati tu, halafu waeleze kwamba ni sifuri peke yake inayotulazimisha kusema moja ya vigawo ni sifuri; kwa 2 inabidi wapanue, wafike x² + 7x + 10 = 0, na majibu ni −2 na −5. Wale waliojibu 12 kwenye kisanduku cha swali la saba ndio watakaopata shida zaidi hapa, na sasa unajua kwa nini.

Lugha isikupite. Watoto wengi wa shule za kata wamesoma msingi kwa Kiswahili, na swali la maneno likiwashinda huwezi kujua ni hesabu au ni Kiingereza mpaka uwasomee kwa Kiswahili kwa mdomo. Akilifanya, tatizo lake ni maneno ya maagizo tu, ambayo si mengi. Yabandike ukutani kwa lugha zote mbili. Aliyeshindwa hata hapo ndiye mwenye shida ya hesabu.

Wanafunzi wa nyuma nao wapewe shabaha ya kweli. Daraja D linaanzia alama 30 na A linaanzia 75. Katika muundo uliozoeleka wa mtihani wa Kidato cha Nne, sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, kwa hiyo maswali matano yaliyokamilika yanamtoa mtoto kwenye F. Mwambie hivyo kwa namba. “Jitahidi” hana la kufanya nalo.

Baada ya wiki sita rudia maswali kumi, namba zikiwa zimebadilishwa, lakini zibadilishe kwa akili. 402 − 156 ni sawa, kwa sababu kosa la zamani litajionesha kama 354. Ila ukiweka 10 + 4 − 3 badala ya 10 − 4 + 3, aliyeielewa vibaya MAGAZIJUTO atapata 11 sahihi kabisa na utamhesabu amepona. Vivyo hivyo desimali: weka 0.62 na 0.7, usiweke 0.6 na 0.75, maana kwa hizo za mwisho anayedhani ndefu ndiyo kubwa naye atapata vyema.